Jinsi ya kuchambua namba kubwa kwa kalamu na karatasi: mfano wa 6,610,968

Mtu akipewa namba kubwa na kuulizwa ina sifa gani, mara nyingi huanza kupapasa. Inagawanyika kwa ngapi? Ni mraba? Ina vigawo vingapi? Kila swali huonekana kusimama peke yake na kudai kazi yake. Kumbe karibu yote yanategemea jambo moja, nalo ni orodha ya namba tasa ambazo zikizidishwa pamoja zinaizaa namba hiyo. Orodha hiyo ikishapatikana, mengine yote ni hesabu za dakika chache. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kuivunja namba, kisha unakaza mwendo.

Tutaifanyia kazi 6,610,968. Haina umaarufu wowote, na hilo ndilo zuri lake, kwa sababu mbinu inayofaa kwa namba isiyojulikana itafaa kwa yoyote utakayokutana nayo. Andika kila hatua mwenyewe. Kugawanya hakujifunzwi kwa macho.

Hatua ya 1: Itazame kabla hujaigawanya

Tarakimu ya mwisho peke yake ina habari nyingi. Namba yetu inaishia na 8, kwa hiyo ni shufwa, na kwa kuwa namba tasa iliyo shufwa ni 2 tu, hii si tasa. Pia si mraba wa namba nzima. Miraba yote huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9. Ukiona 2, 3, 7 au 8 mwishoni, usihangaike kutafuta kipeuo kamili.

Sasa jumlisha tarakimu zote: 6 + 6 + 1 + 0 + 9 + 6 + 8 = 36. Iweke pembeni, tutaihitaji.

Mwisho, kadiria kipeuo cha pili. 2,571 × 2,571 ni 6,610,041, na 2,572 × 2,572 ni 6,615,184. Kipeuo chetu kiko katikati, karibu sana na 2,571. Kikomo hiki ni muhimu kwa sababu vigawo huja kwa jozi: kimoja kikizidi kipeuo cha pili, mwenzake lazima awe chini yake. Kwa hiyo hakuna namba, hata ingekuwa kubwa vipi, inayohitaji kujaribiwa kwa vigawanyo vinavyopita kipeuo chake cha pili. Na kila unapofanikiwa kuigawanya, kinachobaki kinapungua na kikomo kinashuka nacho.

Hatua ya 2: Toa 2 zote

10 inagawanyika kwa 2, 100 inagawanyika kwa 4, na 1,000 inagawanyika kwa 8. Kwa hiyo ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa 8, tarakimu tatu za mwisho zinatosha, kwa kuwa zilizotangulia zote ni maelfu. Za kwetu ni 968, na 968 = 8 × 121. Inagawanyika. Je, kwa 16? Hapo tunatazama tarakimu nne za mwisho, 0968. 16 × 60 ni 960, kunabaki 8. Haigawanyiki. Basi 2 zimo tatu, si zaidi:

6,610,968 = 2³ × 826,371

Hatua ya 3: Toa 3, na ujue kanuni yake inaishia wapi

Kila mtu aliyesoma hesabu anakumbuka kwamba namba inagawanyika kwa 3 ikiwa jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 3, na vivyo hivyo kwa 9. Sababu ni kwamba 10 ni 9 + 1, 100 ni 99 + 1, 1,000 ni 999 + 1, na kuendelea. Kila tarakimu inabeba fungu la 9 ambalo halisumbui, pamoja na yenyewe. Ukishayaondoa mafungu ya 9, zinabaki tarakimu zikijumlishwa.

Kwa 826,371 jumla ni 8 + 2 + 6 + 3 + 7 + 1 = 27, hivyo inagawanyika kwa 9. Hapa pana mtego. Jumla ni 27, na ni rahisi kudhani kwamba namba yenyewe inagawanyika kwa 27. Kanuni haisemi hivyo. Mafungu tuliyoyatupa yalikuwa ya 9, si ya 27, kwa hiyo ushahidi wetu unaishia kwenye 9. Gawanya kwanza, kisha upime upya:

826,371 ÷ 9 = 91,819

Jumla ya tarakimu za 91,819 ni 28. 28 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 zimo mbili tu. Kuhusu 5, namba inaishia na 9, tusipoteze muda.

Hatua ya 4: Pima 7, 11 na 13 kwa pigo moja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inashangaza kwamba wengi hawajaonyeshwa. 7 × 11 × 13 = 1,001. Maana yake, ukigawanya kwa yoyote kati ya namba hizo tatu, 1,000 ni sawa na kupungukiwa 1: ina thamani ileile ya baki kama −1. Milioni, ambayo ni 1,000 × 1,000, inakuwa sawa na +1. Bilioni inakuwa −1. Na ishara zinaendelea kupokezana.

Kwa hiyo igawe namba katika makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Kwa 91,819 makundi ni 819 na 91:

819 − 91 = 728

Sasa 728 inachukua nafasi ya namba nzima. 7 × 104 = 728, inagawanyika. 11 × 66 = 726, kunabaki 2, haigawanyiki. 13 × 56 = 728, inagawanyika. Kwa utoaji mmoja tumejibu maswali matatu. Sasa gawanya kwelikweli:

91,819 ÷ 7 = 13,117
13,117 ÷ 13 = 1,009

Usiondoke bila kuuliza kama 7 au 13 imo mara ya pili. Makundi ya 1,009 ni 9 na 1, tofauti yao ni 8, na 8 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13. Hizo tatu tumezimaliza.

Kwa namba ndefu zaidi mbinu ni ileile. Kama ungetaka kuipima 6,610,968 yenyewe, ungeandika 968 − 610 + 6 = 364, ambayo ni 4 × 91, yaani 4 × 7 × 13. Jibu linakubaliana na lile tulilolipata, na ni vizuri kulitumia kama uhakiki.

Hatua ya 5: Shughulikia kipande kilichobaki

Tumebaki na 1,009. Je, ni tasa? 31 × 31 ni 961 na 32 × 32 ni 1,024, kwa hiyo kikomo ni 31. Namba tasa zote hadi 13 tumeshazipima. Zimebaki tano:

17 × 59 = 1,003, baki 6
19 × 53 = 1,007, baki 2
23 × 43 = 989, baki 20
29 × 34 = 986, baki 23
31 × 32 = 992, baki 17

Hakuna iliyogawanya. 1,009 ni namba tasa. Tena ni tasa ya kwanza yenye tarakimu nne: 1,001 tumeiona inavunjika, 1,003 na 1,007 zimo kwenye mistari hiyo hapo juu, 1,005 inaishia na 5, na zilizobaki ni shufwa. Sasa tunaweza kuandika:

6,610,968 = 2³ × 3² × 7 × 13 × 1,009

Hakiki kwa kurudi nyuma. 8 × 9 ni 72, 7 × 13 ni 91, 72 × 91 ni 6,552, na 6,552 × 1,009 ni 6,552,000 + 58,968, yaani 6,610,968. Uhakiki huu usiuruke kamwe, kwa sababu kosa dogo hapa litaharibu kila kinachofuata.

Wala usijali kama ulianza na 13 badala ya 2. Orodha ya namba tasa ya kila namba ni moja tu, na hilo lilithibitishwa kwa ukamilifu na Carl Friedrich Gauss mwaka 1801. Watu wawili wakipita njia tofauti na kupata orodha tofauti, angalau mmoja amekosea.

Hatua ya 6: Hesabu vigawo, kisha vijumlishe

Kigawo chochote cha namba yetu kinaundwa kwa kuchagua: uchukue 2 ngapi (hakuna, moja, mbili au tatu, yaani chaguo 4), 3 ngapi (chaguo 3), na kama utachukua 7, 13 na 1,009 au utaziacha (chaguo 2 kila moja). Zidisha: 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96. Kosa la kawaida ni kuzidisha vipeo vyenyewe (kipeo ni ile namba ndogo ya juu, kama 3 katika 2³), 3 × 2 × 1 × 1 × 1, na kusahau kwamba kutochukua kitu nako ni chaguo. Ongeza 1 kwenye kila kipeo kwanza.

Vigawo 96 ni jozi 48. Jozi ambayo wenzi wake wamekaribiana zaidi ni 2,184 × 3,027, moja kila upande wa kile kipeuo cha 2,571 tulichokikadiria mwanzoni.

Jumla ya vigawo vyote haihitaji kuviorodhesha. Kwa kila namba tasa jumlisha 1, tasa yenyewe, mraba wake, na kuendelea hadi kufikia kipeo chake, kisha zidisha majumla hayo:

(1 + 2 + 4 + 8) × (1 + 3 + 9) × (1 + 7) × (1 + 13) × (1 + 1,009)
= 15 × 13 × 8 × 14 × 1,010
= 22,058,400

Ukiitoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinafika 15,447,432, zaidi ya mara mbili ya namba iliyovizaa. Wagiriki wa kale waliziita timilifu namba ambazo jumla hiyo inalingana nazo sawasawa, kama 6, 28, 496 na 8,128. Yetu iko upande wa ziada, na ungeweza kulijua hilo bila hesabu hata moja: kila kigawe cha 6 kinachozidi 6 chenyewe kina ziada.

Hatua ya 7: Ni namba ngapi zisizoshiriki kigawo nayo?

Kati ya 1 na 6,610,968, ni ngapi ambazo hazina kigawo cha shirika na namba yetu isipokuwa 1? Leonhard Euler alitoa njia: kwa kila namba tasa, punguza kipeo chake kwa 1 (2³ iwe 2², yaani 4), kisha zidisha kinachopatikana kwa tasa hiyo iliyopunguzwa 1.

2³ inatoa 4 × 1 = 4. 3² inatoa 3 × 2 = 6. 7 inatoa 6, 13 inatoa 12, na 1,009 inatoa 1,008. Zao lake ni 4 × 6 × 6 × 12 × 1,008 = 1,741,824, kama asilimia 26 ya namba zote hadi hapo.

Hesabu hii ndiyo iliyo ndani ya mfumo wa usimbaji wa RSA, uliobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977. Anayejua namba tasa mbili zilizozidishwa kuunda namba ya mfumo huo anaipata kwa urahisi, na asiyezijua hana njia ya mkato inayojulikana kwa kompyuta za kawaida.

Hatua ya 8: Uhusiano wake na miraba

Anza na swali dogo: tuizidishe namba yetu kwa ngapi ili iwe mraba? Katika mraba kila kipeo ni shufwa. Kwetu vipeo witiri viko kwenye 2, 7, 13 na 1,009, na zao lake ni 183,638. Hicho ndicho kizidisho kidogo kuliko vyote. Kinachobaki nje ni 36, mraba mkubwa kabisa unaoigawanya namba yetu. Hiyo 36 ni ileile jumla ya tarakimu ya hatua ya kwanza, kwa bahati tu, lakini inatupa sifa nyingine bure: namba yetu inagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake. Mwanahisabati wa India D. R. Kaprekar aliziita namba za namna hii Harshad.

Je, inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili? Kanuni inatutaka tutazame namba tasa zinazobakiza 3 zikigawanywa kwa 4. Kila moja ya hizo lazima iwe na kipeo shufwa. 3 ina kipeo 2, imepita. 7 ina kipeo 1, imekwama. Basi haiwezekani, na hakuna haja ya kujaribu hata jozi moja. Kwa miraba mitatu inawezekana, na kwa minne kila namba nzima inawezekana, kama Lagrange alivyothibitisha mwaka 1770.

Tofauti ya miraba miwili ni rahisi zaidi. Namba iliyo witiri au inayogawanyika kwa 4 huwa nayo daima. Chukua jozi ya vigawo vilivyo shufwa vyote viwili, mfano 2,018 × 3,276. Nusu ya jumla yao ni 2,647, nusu ya tofauti yao ni 629, na:

2,647² − 629² = 7,006,609 − 395,641 = 6,610,968

Ziko njia 24 za kufanya hivyo, moja kwa kila jozi shufwa.

Hatua ya 9: Iandike kwa sura nyingine

Katika mfumo wa binari namba yetu ni 11001001110000000011000. Ina tarakimu 23 kwa sababu iko kati ya 2²² na 2²³, na sufuri tatu za mwisho ni zile 2 tatu tulizozitoa hatua ya pili.

Kinyume chake, 1 ÷ 6,610,968, ni desimali isiyoisha, kwa kuwa namba ina vigawo tasa vingine zaidi ya 2 na 5. Tarakimu tatu za mwanzo baada ya nukta hazijirudii, idadi inayotokana na kipeo cha 2. Baada ya hapo mzunguko unaanza. 9 inadai mzunguko wa tarakimu 1, 7 inadai 6, 13 nayo 6, na 1,009 inadai 252. Kigawe kidogo cha shirika ni 252, kwa hiyo kila baada ya tarakimu 252 desimali inaanza upya.

Hatua ya 10: Namba ikikataa kuvunjika

Si kila namba itakuwa na huruma kama hii. Ukibaki na kipande kikubwa cha witiri ambacho namba tasa ndogo zimeshindwa kukigawanya, jaribu njia ya Pierre de Fermat kabla ya kuendelea na mgawanyo. Chukua 13,589. Kipeuo chake kinazidi kidogo 116, kwa hiyo anza na 117: 117² ni 13,689, ukitoa 13,589 inabaki 100, ambayo ni 10². Basi 13,589 = (117 − 10) × (117 + 10) = 107 × 127. Ikiwa tofauti si mraba, panda hadi 118, 119, na kuendelea. Njia hii ni ya haraka sana vigawo vikiwa vimekaribiana, na ni ya polepole mno vikiwa mbalimbali.

Kama unashuku kipande ni tasa, kuna kipimo kingine cha Fermat: pandisha 2 kwa kipeo kinachopungua 1 kutoka kwenye namba hiyo ya witiri, gawanya kwa namba yenyewe, utazame baki. Baki isipokuwa 1, hakika si tasa. Ikiwa 1, bado usishangilie, maana 561 inapita kipimo hiki ilhali ni 3 × 11 × 17. Mwaka 2002 Agrawal, Kayal na Saxena walionyesha njia ya kujua kwa uhakika na kwa haraka inayoridhisha kinadharia kama namba yoyote ni tasa. Kuipata orodha ya vigawo ni jambo jingine. RSA-250, namba yenye tarakimu 250, ilivunjwa mwaka 2020 kwa kazi inayolingana na takriban miaka 2,700 ya kiini kimoja cha kompyuta. Kwa namba za kawaida, kompyuta yenye Linux itakujibu mara moja ukiandika factor 6610968.

Na kabla ya kugawanya chochote, tazama kama namba ina umbo maalumu. Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Euler hakuanza na 3, 7, 11. Alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kizidi kwa 1 kigawe cha 64. Tasa za umbo hilo zinaanza na 193, 257, 449, 577, kisha 641, na hiyo ya tano ndiyo iliyoigawanya na kuacha 6,700,417. Kipeuo cha kipande hicho hakifiki 2,589, kwa hiyo ili kujua kama nacho ni tasa zilibaki namba saba tu za kujaribu: 641 kwa mara ya pili, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Zote zinaacha baki.